Kafi na Kasia: Istilahi za Mbio za Mtumbwi wa Joka

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya mchezo wa Kichina wa mbio za mtumbwi wa joka, na kupendekeza istilahi zinazoweza kutumiwa na mfasiri, mwalimu au ofisa wa michezo pindi atakapotakiwa kuzieleza kanuni zake kwa Kiswahili. Huenda msomaji akauliza: kwa nini tujisumbue kwa mchezo ambao haujaenea kwetu? Jibu ni kwamba istilahi mbaya huzaliwa siku ya haraka. Waraka huletwa asubuhi, tafsiri hutakiwa jioni, na neno lililookotwa njiani siku hiyo huchapishwa, hufundishwa, na mwishowe huwa gumu kung'oka. Isitoshe, katika mchezo wa majini neno lililokosewa haliharibu sentensi peke yake. Laweza kukipindua chombo.

Tuanze mbali kidogo na maji. Kituo cha reli cha Uchindile kimo milimani, upande wa magharibi wa bonde la Kilombero, katika sehemu ile ya reli ya TAZARA iliyo baina ya Mlimba na Makambako. Ndiyo sehemu iliyowatoa jasho jingi zaidi wajenzi wa Kichina na wa Kiafrika walioijenga reli hiyo kati ya mwaka 1970 na 1975, kwani humo peke yake mlihitajiwa mahandaki 18. Abiria anayechungulia dirishani hapo huona mabonde na madaraja. Akishuka kuelekea Mlimba na Ifakara hufika nchi nyingine kabisa, nchi ya maji, ambako mito ya Mpanga, Mnyera na Ruhuji hukusanyika ikawa mto Kilombero, na ambako wakati wa masika uwanda mpana hufunikwa na mafuriko. Huko mtumbwi ni chombo cha kazi: hubeba wavuvi, mpunga, wagonjwa na wanafunzi.

Milima ya reli na uwanda wa mitumbwi hukutana katika neno moja, nalo ni taruma. Taruma asili yake ni kipande cha mti kinachotiwa ndani ya chombo cha majini ili kukiimarisha. Reli ilipoingia nchini, vile vipande vinavyolazwa chini ya vyuma vya reli navyo vikaitwa mataruma, na hadi leo huitwa hivyo, ingawa katika njia ya TAZARA vingi ni vya saruji. Neno lilikuwepo majini, likapewa kazi mpya nchi kavu, na wala halikuiacha kazi ya zamani. Huo ndio mwenendo tutakaoufuata hapa: kabla ya kuunda neno au kukopa, tuwaulize kwanza watu wa maji wanasemaje.

Asili ya mchezo

Wachina huadhimisha sikukuu ya mitumbwi ya joka siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda yao. Kalenda hiyo hufuata mwezi kama ile ya Kiislamu, lakini huongezewa mwezi mmoja kila baada ya miaka michache ili isiachane na majira. Kwa hiyo sikukuu hii haizunguki mwaka mzima, bali huangukia mwishoni mwa Mei au katika Juni. Masimulizi yanayojulikana zaidi ni ya Qu Yuan, mshairi na mshauri wa dola ya Chu, aliyejitosa katika mto Miluo katika karne ya tatu kabla ya Kristo baada ya kuona nchi yake inaangamia. Inasimuliwa kwamba watu walikimbilia mitumbwi yao kumtafuta, wakapiga ngoma na kuyapiga maji kwa makafi ili samaki wasimguse. Mashindano yakawa kumbukumbu ya mbio zile za kumwokoa.

Mchezo kwa sura yake ya kimataifa ni wa juzi tu. Mashindano ya Hong Kong ya mwaka 1976 ndiyo yanayohesabiwa kuwa mwanzo wake, na shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa mwaka 1991. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sikukuu yenyewe katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2010 mchezo ukawemo katika Michezo ya Asia iliyofanyika Guangzhou. Umeingia pia katika mambo ya afya: mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, kundi la wanawake waliotibiwa saratani ya matiti lilianza kupiga kafi kwa uangalizi wa daktari, na makundi ya namna hiyo yameenea katika nchi nyingi. Msomaji ataona basi kwamba waraka unaohusu mchezo huu waweza kutua mezani pa wizara zaidi ya moja.

Jina la chombo

Hapa kuna maneno mawili ya kupima. La kwanza ni joka. Katika hadithi zetu nyingi joka ni dubwana la kutisha, na msomaji wa Ufunuo katika Biblia hulikuta huko likiwa adui. Kwa Wachina ni kinyume chake: joka ni mwenye enzi juu ya maji, mleta mvua na baraka. Wapo watakaoona ni heri kukopa neno jipya ili kuiepuka tofauti hiyo. Sisi tunaona joka latosha, mradi mfasiri aieleze maana yake mara moja mwanzoni. Neno geni lisingeeleza lolote, na msomaji angelazimika kuelezwa vilevile.

La pili ni chombo chenyewe. Je, tuseme mashua au mtumbwi? Anayetaka mashua atasema kwamba mtumbwi ni gogo moja lililochongwa, hali chombo hiki huundwa kwa mbao au kwa malighafi za kisasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini matumizi yameshaipita. Katika Ziwa Victoria vyombo vya uvuvi vya mbao huitwa mitumbwi kila siku, wala hakuna anayekosea. Kinachoutambulisha mtumbwi sasa ni umbo lake jembamba na namna unavyoendeshwa, yaani kwa watu walioketi wakitazama mbele, kafi mkononi. Kwa hiyo tunapendekeza mtumbwi wa joka.

Wala umbo hilo si geni Afrika ya Mashariki. Waganda waliunda mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa, yenye gubeti lililochomoza mbele na kupambwa kwa pembe, ikaendeshwa na wapiga kafi walioketi wawili wawili. Na hadi zama zetu koo za Buganda hushindana kwa mitumbwi mbele ya Kabaka. Katika pwani yetu vyombo vilitiwa macho kwenye omo. Wachina nao, kabla ya mashindano, huyatia rangi macho ya joka katika sherehe maalumu. Tendo hilo laweza kuitwa kutia macho bila maelezo marefu.

Mtumbwi na watu wake

Mtumbwi wa joka wa kawaida una urefu wa mita 12 na nusu hivi, bila kichwa na mkia, na upana unaozidi mita moja kwa kiasi kidogo. Hubeba watu 22. Kati yao 20 ni wapiga kafi, walioketi jozi kumi. Mmoja ni mpiga ngoma, aketiye kwenye omo akiwaelekea wenzake. Na mmoja ni mshika sukani, asimamaye kwenye tezi. Upo pia mtumbwi mdogo wenye wapiga kafi kumi. Kichwa na mkia wa joka huweza kuondolewa, na huvishwa siku ya mashindano.

Maneno omo na tezi ni ya pwani, na watu wengi wa bara husema tu mbele na nyuma. Hata hivyo tunayahitaji, kwa sababu mbele na nyuma ni maneno ya amri pia, nayo yasiwe na kazi mbili ndani ya chombo kimoja. Mwalimu asiogope kuyafundisha. Wanafunzi wamekwisha kuyasikia katika methali isemayo, Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa upande mwingine, maneno goshini na demani hayafai hapa. Hayo ni ya chombo cha tanga, nayo huhama kwa kuufuata upepo. Mtumbwi wa makafi wahitaji kushoto na kulia kusikohama. Na kwa kuwa mpiga ngoma ameelekea tezi, kushoto kwake ni kulia kwa wenzake. Basi kanuni itamke wazi kwamba pande huhesabiwa kwa kuufuata mwelekeo wa chombo.

Mshika sukani asiitwe nahodha. Ni kweli kwamba nahodha ni neno kongwe la bahari, lakini kandanda imekwisha kuligawia kazi nyingine, na katika mchezo huu nahodha wa timu aweza kuwa mpiga kafi wa jozi yoyote. Rubani nalo limepaa angani na ndege. Mshika sukani lingali lipo mahali pake.

Kafi na kasia

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Katika magazeti, na hata katika mazungumzo ya watu wengi, kila mti wenye bapa unaoendesha chombo huitwa kasia, na kila mbio za mitumbwi huitwa mashindano ya kupiga makasia. Wapo wasemao kwamba kafi ni kasia fupi tu. Lakini tofauti ya viwili hivi haiko katika urefu.

Kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa popote. Mpiga kafi huketi akitazama aendako. Kasia huegemea chombo: hupitishwa katika kishwara, yaani kitanzi cha kamba, au huwekwa juu ya kigingi, na mvuta kasia huketi akiipa omo mgongo. Kafi hupigwa, kasia huvutwa. Watu wa Kilombero wana kifaa cha tatu, upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi katika maji haba na majani, ambapo kafi halina nafasi. Naye atumiaye upondo husimama.

Twaitazama basi kanuni ya mchezo wetu. Wapiga kafi 20 wana makafi 20, ambayo kanuni ya kimataifa huyapimia urefu wa sentimita 105 hadi 130, na upana wa bapa usiozidi sentimita 18. Mshika sukani ana mti mrefu ulioshikizwa kwenye tezi kwa kishwara au chuma. Huo, kwa maana tuliyoieleza, ni kasia hasa. Kwa hiyo mtumbwi wa joka una makafi 20 na kasia moja la usukani. Mfasiri akiandika "makasia 21" amevichanganya vitu viwili ambavyo kanuni imevitenga kwa vipimo, kwa matumizi na kwa adhabu. Tuchukulie kwamba shule ya Ifakara inampelekea seremala tafsiri hiyo. Seremala ni mtu mwaminifu, naye atachonga makasia 21 marefu. Mbao zitakuwa zimekatwa na fedha za wazazi zimekwisha kabla kosa halijajulikana; na kosa lenyewe halikuwa la seremala.

Pigo moja la kafi lina hatua nne. Kwanza ni kuchomeka, yaani kulitia bapa majini mbele kadiri mkono unavyofika. Pili ni kuvuta, ambapo mwili hufanya kazi zaidi ya mkono. Tatu ni kuchomoa, lifikapo usawa wa nyonga. Nne ni kurejesha, ambapo kafi hupita hewani kwenda mbele. Kuchomeka na kuchomoa ni vitenzi vya jozi ambavyo mwanafunzi hahitaji kufundishwa maana yake, huonyeshwa tu. Kundi lenye mazoezi huweza kupiga mapigo zaidi ya 70 kwa dakika, na makafi 20 hayana budi kuingia majini kwa pamoja. Jozi ya kwanza ndiyo inayoongoza mapigo, na mpiga ngoma huyatangaza.

Amri za majini

Katika amri ndipo mfasiri anapobeba dhamana kubwa. Amri ya majini sharti iwe fupi, isikike juu ya ngoma, na isiwe na maana mbili.

Tuchukue amri ya kuacha kupiga kafi. Neno la kwanza litakalomjia mtu ni Simama! Nchi kavu halina kosa. Dereva huambiwa "simama", naye hulisimamisha gari bila kuinuka kitini. Lakini ndani ya mtumbwi, simama ni kuinuka kwa miguu miwili. Kijana wa bonde la Kilombero tangu utoto wake amewaona watu wakisimama mtumbwini na upondo mkononi; kwake neno hilo si mfano, ni tendo. Katika chombo chembamba chenye watu 22 wakiinuka watano tu, chombo chaweza kupinduka, na mito ya kwetu ina mikondo, viboko na mamba. Kwa hiyo neno simama lisiwemo kabisa katika amri za mchezo huu.

Je, Acha? Hilo lina hatari nyingine. Likisikika vibaya katika kelele huwa Achia, na mtu akaliachia kafi lake. Tunapendekeza Basi! Ni neno la silabi mbili, lenye mwanzo wenye kishindo, na kila Mswahili hulielewa kuwa kazi imetosha. Basi! ina maana ya kuacha kupiga na kuyainua makafi, chombo kikiendelea kuteleza. Ikiwa chombo chenyewe chatakiwa kukaa, amri ni Zuia!, ambapo makafi huchomekwa majini na kukazwa. Kurudi nyuma ni Nyuma piga! na wala si Rudi nyuma!, kwa kuwa hiyo ya pili mtu aweza kudhani anaambiwa ahame mahali pake.

Yawezekana wengine wataona kuwaamuru watu wengi kwa umoja ni utovu wa adabu, na kwamba yafaa kusema Pigeni na Zuieni. Kiambishi hicho ni cha heshima, lakini hurefusha amri na kuipoza. Kwata imekwisha kutuonyesha njia: Nyuma, geuka! huamriwa kikosi kizima, wala hakuna anayejiona amevunjiwa heshima. Mfano huo wa sehemu mbili, ya kwanza ya kuonya na ya pili ya kutenda, unafaa majini pia: Makafi, tayari! Piga!

Orodha ya istilahi

Istilahi zifuatazo zinapendekezwa zijaribiwe katika tafsiri na mafunzo:

Mtumbwi wa joka: chombo chembamba cha mashindano chenye kichwa na mkia wa joka, kinachoendeshwa kwa makafi.
Mbio: shindano moja kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, kwa kawaida mita 200, 500, 1000 au 2000.
Mashindano: mkusanyiko wa mbio, pamoja na michujo na fainali.
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Kafi (ma-): kiendeshi kinachoshikwa mikononi bila kufungwa chomboni.
Kasia la usukani: kasia lililoshikizwa kwenye tezi kwa ajili ya kuongoza.
Bapa: sehemu pana ya kafi iingiayo majini.
Mpiga kafi: mmoja wa wanaoendesha chombo.
Jozi: wapiga kafi wawili waketio ubao mmoja.
Mshika sukani: mwongozaji wa chombo.
Pigo: mzunguko mmoja wa kuchomeka, kuvuta, kuchomoa na kurejesha.
Njia: sehemu ya maji iliyotengewa chombo kimoja, ikionyeshwa kwa maboya.
Kupinduka: chombo kugeuka juu chini.
Kujaa maji: chombo kuingiwa na maji bila kupinduka.
Kuzama: chombo kwenda chini. Mwamuzi asiyachanganye matatu haya katika taarifa yake, kwa sababu hatua za uokoaji si zilezile.
Kufua maji: kuyatoa maji yaliyoingia chomboni.
Jaketi la kujiokolea: vazi linalomweleza mtu juu ya maji.

Hitimisho

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika orodha hii yote hakuna neno hata moja lililoundwa. Kafi, kasia, omo, tezi na kishwara yamo katika lugha yetu tangu kale. Yaliyopungua ni mazoea ya kuyatumia kila moja mahali pake. Mwaka 2018 lilifunguliwa rasmi daraja juu ya mto Kilombero karibu na Ifakara, na watu waliokuwa wakingoja kivuko sasa huvuka kwa magari. Hiyo ni neema. Lakini kila daraja hupunguza idadi ya watoto wanaojifunza mtumbwi kwa mzazi, na pamoja na mtumbwi hupungua maneno yake. Mwalimu wa Uchindile, Mlimba au Ifakara anaweza kufanya jambo dogo lisilogharimu kitu: kumwalika mvuvi mzee darasani, kumwomba ataje sehemu za mtumbwi wake moja baada ya moja, na kuyaandika majibu, yawe ya Kiswahili au ya lugha ya hapo. Siku waraka utakapoletwa asubuhi na kutakiwa jioni, mfasiri atakuwa na mahali pa kwenda kuuliza.